Benchi Lililoangalia Nyuma

Kwa miaka mingi mama mkwe wangu alizungumza nami kupitia kinu. Yeye alikaa upande ule wa ua wake, pale Kabambare, mimi nikakaa upande huu nyuma ya jiko, mgongo nimempa, na kati yetu kinu cha kutwangia sombe, majani ya mihogo. "Wee kinu," angesema, "uliza bwana ya Mwavita kama kule Kasongo mvua ilinyesha." Nami ningejibu, "Kinu, mwambie mama ilinyesha." Kinu hakikuongeza neno wala kupunguza, na kwa hilo kilikuwa mjumbe mwema kuliko watu wengi ninaowajua.

Haya ya ukwe kwetu si mchezo. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake, hamshiki mkono, hali mbele yake, wala hakai naye kiti kimoja. Haya hiyo huisha siku mama mkwe mwenyewe anapoamua kumpa mkwe kuku, wakala pamoja. Wenzangu waliooa nyuma yangu walishakula kuku wao zamani. Mimi kila nilipouliza kwa njia ya mke wangu, Mwavita, jibu lilikuwa moja: kuku bado ni mudogo. Nilizaa watoto na Mwavita, watoto wakaota meno na kuyang'oa, kuku bado mdogo.

Sasa niseme jambo hili mapema, kabla sijaanza kumsifu bila kukusudia. Nilimwonea wivu mama yule. Alikuwa na gari, na gari lile lilikuwa linanichukulia mke.

Lilikuwa jipu kuukuu, rangi ya majani iliyoliwa na kutu, lililoachwa Wamaza katika ghala la pamba na mfanyabiashara aliyekwisha kufariki. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Mama mkwe aliuza mawese na karanga za msimu mzima akalinunua, na hakuomba shauri kwa mtu. Kaka zake walikwenda kumwuliza mjane anataka nini na gari lisilowaka. Akawajibu, "Hata mutoto anazaliwa hajui kutembea." Kaka zake walikula mihogo waliyowekewa, wakarudi kwao.

Kutoka Wamaza lilivutwa kwa kamba. Kila kijiji kilivuta mpaka mwisho wa mashamba yake, kikakabidhi kamba kwa kijiji kinachofuata, na kila mahali alichinja, akapika, akalisha wavutaji. Watu walicheka kwamba wameona gari linalokula mihogo badala ya mafuta ya mazutu. Yeye alikuwa amekaa kwenye usukani muda wote, kitambaa kipya kichwani, akigeuza kushoto na kulia kwa uzito wote wa mtu anayeendesha. Aliingia Kabambare hivyo, na walioshuhudia wananiambia alipunga mkono. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Kasongo napiga randa mlango wa mtu, na habari hiyo iliniudhi kutwa.

Iliniudhi kwa sababu katika ukoo ule mzima, mwenye kujua kuendesha gari alikuwa mmoja, na mmoja huyo ni mimi. Kabla ya useremala niliendesha lori la mbao, nikajua matope ya njia zetu kwa majina. Mtu mwingine angesema, mkwe wetu anajua, tumwite amfundishe mama. Lakini mkwe hawezi kukaa ubavuni mwa mama mkwe wake, sembuse kumshika mkono auweke kwenye gia. Kwa hiyo aliyemfundisha ni fundi wa Wamaza, mzee asiye na meno ya mbele, aliyekuja na gari lile kana kwamba alikuwa kipande chake. Walizunguka uwanja wa mpira asubuhi hadi watoto wakachoka kuwakimbilia. Siku moja walipita juu ya mikeka ya mihogo iliyoanikwa, mama mkwe akashuka, akaomba radhi, akaokota kipande kimoja kimoja kwa mikono yake.

Kurudi nyuma hakutaka kujifunza kabisa. Fundi alimwonyesha ile gia, akaikataa. "Nyuma napajua," alisema, "nilitoka kule." Msemo huo ulifika mpaka sokoni Kasongo, nikausikia kwa muuza chumvi ambaye hakujua kwamba anamtaja mama mkwe wangu. Kwa kuwa hakurudi nyuma, akitaka kugeuza alikwenda mpaka apate kiwanja cha kuzungukia, na kama kiwanja hakuna, aliendelea mbele. Mara moja alikwenda kununua chumvi akafika kijiji cha tatu.

Gari lilitengenezwa palepale uani, chini ya paa la majani lililokuwa la mbuzi. Vipuri vya kweli vilikuja kwa nadra, vimefungwa nyuma ya pikipiki kutoka mbali, na mara nyingi havikuwa vile walivyoagiza. Basi walishona kwa walichokuwa nacho. Mabomba ya maji yalifungwa kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Tundu la tangi la mazutu lilizibwa kwa kipande cha sabuni, na sabuni ilipokwisha kulika ilibandikwa nyingine. Viti vilijazwa sufi. Mama mkwe alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na gurudumu la mbele, mapajani ameweka sinia la njugu za chuma za kukazia boliti, na kila njugu aliifuta kwa kanga yake ya zamani na kuijua ilikotoka. Akipoteza moja hakula mpaka ipatikane. Alilisemesha gari Kibangubangu, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, sauti ambayo Mwavita anasema hakuwahi kuisikia akiwa mtoto.

Mwavita. Hapo ndipo penye mwiba.

Zamani alikuwa akienda kwa mama yake mara moja kwa mwaka, kwa Noeli. Gari lilipofika, wajumbe walianza kuja mlangoni kwangu. Mwendesha pikipiki anasimama, hazimi hata moto wa pikipiki: "Mama anasema pompe imefika, uje umushikie." Je, Kabambare nzima haina mtu wa kushika kipande cha chuma? Mwavita angefunga nguo zake, angeniachia sombe iliyokwisha kutwangwa, na angepanda. Wiki moja, wiki mbili. Akirudi ananukia mazutu, kucha nyeusi, uso umenawiri. Nilimnunulia kitenge kizuri, nikakikunjua mbele yake, akakipima kwa macho akasema kingetosha kufunika kiti cha pembeni cha lile gari.

"Fundi anakula wapi?" nilimwuliza siku moja.

"Palepale. Mezani, na mama."

"Anakula nini?"

"Kuku."

Niliweka randa chini. Mwavita akaangalia pembeni, lakini nilimwona anabana cheko.

Kuna mara nilikwenda mwenyewe, nikasingizia kwamba napeleka misumari. Kutwa nzima juu ya pikipiki, mavumbi mpaka kwenye meno, na yote niliyotaka ni kuliona gari. Nilipofika, mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya injini, kwa hiyo ilinibidi nisimame nyuma ya jiko. Nilingoja ainuke. Hakuinuka. Nilisikia nyundo, nikasikia sauti tatu zinacheka, ya fundi, yake na ya mke wangu, na nilichoona ni gurudumu la nyuma, mkia wa gari, na nyayo za Mwavita zimetokeza chini yake. Jua likahama. Mwishowe kinu kikasemeshwa.

"Kinu, uliza bwana ya Mwavita anatafuta nini."

"Kinu, mwambie mama nilikuja kusalimu."

"Kinu, mwambie tumeshasalimika."

Nikaenda kulala kwa jirani.

Baada ya hapo ndipo lilipokuja lile la benchi. Gari lilikuwa halina kiti cha nyuma, na seremala wa Kabambare alikuwa mlevi, kwa hiyo waliagiza kwangu. Vipimo vilikuja kwa kamba yenye mafundo: fundo la urefu, fundo la upana, fundo la egemeo. Niliitandika kamba ile juu ya meza, nikaitazama kwa hamu niliyoona aibu nayo. Nilichagua mti mgumu mwekundu niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya kitanda chetu. Nilipiga randa mpaka mbao zikateleza kama zimepakwa mafuta. Nilitaka kila mtu atakayekaa pale amwulize, mama, benchi hili kazi ya nani, naye ashindwe kukwepa.

Sasa, mtu aliyeliona gari kwa mkia tu hujenga kwa mkia. Sikujua sakafu yake inaelekea wapi mbele. Nilikata miguu mirefu kwa mifupi ili ikae juu ya zile nundu za magurudumu, kwa jinsi nilivyoziona kutoka nyuma ya jiko. Benchi likapelekwa kwa baiskeli, kijana wa baiskeli akilisukuma siku nyingi. Walipolitia ndani, lilikaa vizuri kabisa, halikutikisika hata kidogo, ila lilikaa kwa namna moja tu. Anayelikalia anampa dereva mgongo, na anaangalia njia aliyotoka. Mkwe mwenye ruhusa ya kuingia uani asingefanya kosa lile.

Nilingoja tusi. Mwavita aliporudi nilimwuliza mama alisema nini. "Alikaa, akasema liachwe vilevile." Basi? Basi. Hakuna asante, hakuna lawama. Laiti angelipasua kuni, ningejua pa kusimama.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, huwezi kumkunja ukamtia mfukoni. Kanisani aliimba habari za unyenyekevu machozi yakimlenga, na misa ikitoka tu alipiga honi mbele ya mlango mpaka katekista akaziba masikio. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa alimbeba bure, hata kama hamjui, hata kama gari lina sabuni ya mwisho kwenye tangi. Bibi harusi wa Kiislamu alimpeleka kwa mumewe, akafunga kanga kwenye vioo na kukataa malipo. Lakini kaka yake mwenyewe alimlipisha kwa gunia moja la mpunga, kisha akamwambia asiegemee mlango. Haya aliishika kuliko wanawake wote wa rika lake, na kwa boliti lililogoma alitoa maneno ambayo Mwavita hakukubali kunitafsiria.

Na kulikuwa na kile kiti cha pembeni. Kiti kilicho karibu na dereva kilikuwa cha Mwavita. Si kwamba kilikuwa cha Mwavita akiwepo. Kilikuwa chake hata akiwa Kasongo, nyumbani kwangu, ananipikia. Wazee walikaa nyuma. Wagonjwa walilazwa nyuma. Afisa mmoja wa utawala, mwenye mkoba, alifungua mlango wa pembeni akataka kupanda, mama mkwe akamwambia kwa adabu, "Hapa iko mutu." Afisa akatazama kiti kitupu kilichojazwa sufi, akafunga mlango, akaenda kukaa kwenye benchi langu.

Kisa hicho alinisimulia Mwavita huku akicheka. Mimi sikucheka. Kwangu alikuwa na kiti pia, chenye mto, karibu na dirisha. Hakuna mtu aliyesimulia habari zake.

Halafu gari likamvunja Mwavita mkono. Betri ilikuwa imekufa, walikuwa wakiliwasha kwa manivela, ule mkono wa chuma unaozungushwa mbele. Injini ilirudisha kwa nguvu, chuma kikampiga kwenye kifundo cha mkono. Alirudi kwangu nyuma ya pikipiki, mkono umefungiwa kwenye kipande cha boksi. Nilimchongea ubao laini, nikaufuata mkono wake ulivyokaa, nikaufunga. Nilisema maneno mengi siku ile. Nilisema gari lile lina roho mbaya, nilisema mama yake analipenda kuliko watu, nilisema sasa imetosha. Mwavita alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kosa yangu," akasema. "Nilizungushia kidole gumba. Fundi alinikataza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi na sikupata hata wa kugombana naye.

Muda si mrefu akaja mwendesha pikipiki mwingine. Macho ya mama yalikuwa yameota wingu. Alikuwa ameanza kuwapisha njiani watu ambao kumbe ni miti. Daktari wa macho alitarajiwa Kasongo, na mama mkwe alikuwa radhi aje, ila kwa sharti moja: haji juu ya pikipiki. Anakuja na gari lake. Fundi alikuwa amemfuata mwanawe Kalemie. Mwavita ana mkono mmoja. Tulikuwa tunakula, Mwavita akaacha kula, akaniangalia.

"Na haya?" nikamwuliza.

"Haya itapanda nyuma," akasema.

Ndivyo nilivyokwenda Kabambare, nikaliona gari lile kwa mbele kwa mara ya kwanza. Lilikuwa dogo kuliko wivu wangu. Taa moja ilikuwa na kioo, nyingine ilizibwa kwa bati la kopo. Nilikuta mama mkwe ameshapanda, amekaa kwenye benchi langu, mgongo kwangu, na kitenge kilichofunika kiti cha pembeni nikakitambua mara moja: ni kile nilichomnunulia Mwavita. Kikapu kilikuwa miguuni pake, kimefunikwa. Niliwasha kwa manivela, kidole gumba nimekiweka pamoja na vingine. Nikapanda. Yeye anatazama Kabambare, mimi natazama Kasongo, kati yetu egemeo la mti mwekundu. Kiti cha pembeni kikabaki kitupu, na hakuna aliyesema kikaliwe.

Kinu kilikuwa kimebaki nyumbani. Tulikwenda kimya mpaka mto wa kwanza.

"Wee gari," akaanza, "mwambie ule mutu, ile shimo ilikuwa kubwa."

"Gari, mwambie mama nimeiona."

"Mwambie angeiona mbele, si nyuma."

Akawa ananitajia kila shimo baada ya kulipita, kwa macho yale yenye wingu, na hakukosea hata moja. Nilikaza mikono kwenye usukani. Katika kikapu kitu kikalia, sauti ndogo ya kooni, kikanyamaza. Nilijua sauti ile. Sikujipa matumaini, kwa sababu kuku wa sokoni na kuku wa haya hulia namna moja.

Kilimani maji yalichemka. Nilisimamisha, nikafungua boneti, tukangoja lipoe. Barabara ilikuwa tupu, majani marefu kila upande. Nilikaa chini kwenye kivuli cha gurudumu, upande asioweza kuniona.

"Gari," akasema, "mwambie ule mutu, miye sikukununua juu ya kubeba mawese."

Ikanibidi niulize.

"Gari, muulize mama alikununua kwa ajili ya nini."

"Mwambie, siku ile ya kuoa alikuja na pikipiki. Akapandisha mutoto yangu nyuma. Nilisimama kwa barabara, nikasema ataangalia nyuma, hata mara moja. Hakuangalia. Nilisimama mupaka vumbi ikaisha yote. Nikasema, nitatafuta kitu yenye inashinda pikipiki."

Maji ndani ya injini yalikuwa bado yanaguguma. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye niliyeibiwa.

"Gari," nikasema, "muulize mama kwa nini aliacha benchi vile."

Akagonga mbao kwa kidole, mara moja, kama mtu anayepima nazi.

"Iko fundi muzuri," akasema. "Na nilitaka katika hii gari mutu moja aangalie nyuma."

Nikatia maji, nikawasha. Njia iliyobaki hakutaja mashimo tena. Nami nilianza kumtajia yaliyo mbele, kabla hatujayafika, ili ashike.

Tuliingia Kasongo jua limelegea, watu wametoka sokoni. Mwavita alikuwa amesimama mbele ya nyumba, mkono kifuani kwenye ubao wangu. Alikuwa amesikia mlio wetu tangu mbali. Nikazima. Sikushuka. Nyuma yangu mama mkwe naye hakushuka. Nilijua anangoja nini, kwa sababu nilikuwa nangoja kitu kilekile: kuona atamwendea nani kwanza.

Mwavita alikuja mbiombio. Alipita mlango wangu. Akasimama mbele ya gari, akaweka kiganja kizima juu ya boneti, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Ilichemuka wapi?" akauliza. "Mulitia maji ya mto ao ya kisima?"

Akaiinua boneti kwa mkono wake mmoja, akaegemeza kijiti, akaingiza kichwa.

Nyuma yangu nikasikia kikapu kinafunuliwa.

"Mukwe," akasema mama mkwe. Hakupitia gari wala kinu. "Shika hii kuku. Miye sioni, na ule yuko na mukono moja. Weye utachinja, miye nitapika. Tutakula sisi wawili."

Niligeuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama usoni, na nikaona kwamba Mwavita amechukua paji la uso lake.

"Na Mwavita, mama?"

"Acha akule na gari yake," akasema, akanipa kuku.